Gemu za Biashara na Gemu za Ukoo: Historia Yetu Iko Upande Gani?

Dada na kaka zetu, na ninyi marafiki wa mashirika mnaotusoma hapa, wiki hii tunaandika juu ya gemu. Wengine mtasema gemu ni kupoteza muda na chaji. Vumilieni mpaka mwisho, halafu mtuambie.

Katika kikundi chetu kuna vijana wanaopenda gemu za historia, zile za kompyuta ambazo huchezi kwa kupiga risasi, unacheza kwa kufikiri. Wengi wetu hatuna kompyuta yenye nguvu ya kuzibeba. Tunacheza kwa zamu kwenye mashine moja, na wengine wanatazama video za watu wanaocheza, bando ikiruhusu. Ubishi usioisha ni huu: zipi zinafundisha historia vizuri, gemu za biashara ama gemu za koo za kifalme? Tumeona tuliandike hilo swali, sababu linagusa Kilwa, linagusa Buganda hapa tunapokaa, na linagusa Kongo ambako wengi wetu tumetoka.

Kwanza tuwaeleze wale ambao hawajazicheza.

Upande wa biashara, mfano mzuri ni Patrician III, gemu ya Wajerumani ya miaka ya mwanzo ya 2000. Unaanza kama mfanyabiashara mdogo katika mji mmoja wa Hansa, ule umoja wa miji ya biashara ya bahari ya Baltiki na bahari ya Kaskazini, ambao mji wake mkuu ulikuwa Lübeck. Una meli ndogo na pesa kidogo. Unanunua bia, chumvi, samaki ama nafaka pale zilipo nyingi, unapeleka pale zilipopungua. Ukikosea hesabu, unafika na mzigo ambao hakuna mtu anautaka. Ukipatia, unaongeza meli, unachaguliwa meya, na mwisho unakuwa mkubwa wa Hansa yote. Dada anayetembeza vitenge Nsambya na Kabalagala ataielewa hiyo gemu kwa dakika tano.

Upande wa ukoo, inayoongoza ni Crusader Kings III, iliyotengenezwa na kampuni ya Paradox ya Stockholm, Sweden, ikatoka mwaka 2020. Humo huchezi nchi, unacheza mtu. Unaoa, unazaa, unazeeka, unakufa. Ukifa, unaendelea kama mrithi wako. Ukifa bila mrithi wa ukoo wako, gemu imeisha, hata kama hazina imejaa dhahabu. Kazi yote ni kuozesha watoto vizuri, kuzuia ndugu wasigombane, na kutafuta haki juu ya ardhi ya jirani. Na kama hiyo haki huna, unamtuma kiongozi wa dini wa ikulu yako akutengenezee madai ya uongo, eti babu wa babu yako alimiliki pale. Kumbukeni hayo madai ya uongo, tutayarudia.

Katikati kuna The Guild ya mwaka 2002, inayoanzia mwaka 1400: familia moja ya mjini yenye karakana, ndoa, vyeo na watoto wanaorithi. Inajaribu kushika vitu vyote viwili, lakini inabaki ndani ya kuta za mji wa Ulaya. Na kuna Europa Universalis IV ya mwaka 2013, ya kampuni ile ile ya Stockholm. Hii ina ramani ya dunia nzima, inaanzia Novemba 1444, na ndani yake Kilwa ipo, unaweza kuicheza.

Sasa tazameni ramani. Crusader Kings III inakwenda kutoka mwaka 867 mpaka 1453. Ilipotoka, ramani yake ilifika Ethiopia na nchi ya Wasomali kwa upande wetu, na nchi za Afrika Magharibi kwa upande ule. Kusini ya hapo inakatika. Na miaka hiyo hiyo ndiyo miaka ambayo Kilwa ilikua, ikapiga sarafu zake na ikatawala biashara ya dhahabu ya pwani yetu. Gemu nzuri kuliko zote ya kueleza koo za wafalme haijui ukoo hata mmoja wa Kilwa.

Basi tuijaribu Kilwa wenyewe, tuone ingeingia gemu ipi.

Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo kusini mwa Tanzania. Masimulizi ya zamani yanasema mwanzilishi wa ukoo wa kwanza wa masultani, Ali bin al-Hassan, alitoka Shiraz, Uajemi, akakinunua kisiwa kwa mwenyeji wake kwa nguo, nguo nyingi za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Masimulizi mengine yanaongeza kwamba alimuoa binti wa yule mwenyeji. Tusibishane kama kila neno lilitokea hivyo. Tuangalie watu wa Kilwa walichagua kukumbuka nini kuhusu mwanzo wao: nguo na ndoa. Biashara na ukoo, siku moja, mkataba mmoja.

Na siyo masimulizi tu. Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya pwani, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo, na mji mmoja wa bara. Wengi wa watu wale wa pwani walikuwa na asili ya Afrika hasa kwa upande wa akina mama, na asili ya Asia, kubwa ikiwa ya Uajemi, hasa kwa upande wa akina baba. Kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000. Maana yake, watu walikuja kufanya biashara, wakaoa, watoto wakawa Waswahili, wakazungumza lugha ya mama zao.

Kwa nini walioa? Hapa Patrician haina jibu, sababu meli yake kwa kawaida inaondoka siku unayotaka. Jahazi la bahari yetu halikuweza. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Uarabuni, Uajemi na India kati ya Desemba na Machi hivi. Kurudi, ilibidi kungoja kusi, kuanzia Aprili hivi. Mgeni alikaa miezi. Alihitaji pa kulala, pa kuweka mzigo, na mtu wa kumdhamini mbele ya wenyeji. Hakukuwa na benki wala polisi wa kumsaidia akidhulumiwa. Kilichokuwepo ni baba mkwe. Mke wa Kilwa alikuwa familia, na familia yake ilikuwa ghala, mkalimani na dhamana. Upepo wenyewe uliunganisha biashara na ukoo.

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika Kilwa wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ndiye anayehusishwa na Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogea la pembe nane. Dhahabu ilitoka bara, nchi ya Zimbabwe, ikapita bandari ya Sofala. Sarafu ya sultani huyo imeokotwa Great Zimbabwe kwenyewe. Na vyombo vya China, nguo za India na shanga vilikuja Kilwa.

Hapo ndipo Europa Universalis IV inapotukasirisha. Ndani yake biashara ya dunia inapita kwenye vituo, na Zanzibar ni kimojawapo. Mchezaji anaweza kuzuia mali kituoni kwake ama kuisukuma mbele, lakini hawezi kugeuza njia. Mishale yote imewekwa tangu mwanzo, na mwisho wake ni vituo vitatu tu: Venice, Genoa na mlango wa bahari wa Uingereza. Hata ukicheza Kilwa kwa akili zote za dunia, huwezi kufanya utajiri wa Venice utiririke kuja Kilwa. Mwaka 1444 Mreno hajafika Kilwa bado, lakini hesabu za gemu zimeshaamua mali inakwenda wapi. Kijana akicheza miezi sita bila mtu wa kujadiliana naye, anaweza kufikiri hiyo ni sheria ya dunia, kama mvua kunyesha kuelekea chini.

Mreno alipofika kweli, gemu ya ukoo ndiyo inaeleza vizuri zaidi. Vasco da Gama alikuja Kilwa mwaka 1502 akalazimisha mji ulipe kodi. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akauteka na kuupora. Aliyekuwa akitawala, Amiri Ibrahim, hakuwa wa damu ya masultani, alikuwa ameshika madaraka kwa nguvu, na mji ulikuwa umegawanyika juu ya hilo. Wareno wakalitumia. Wakamweka mtu wao, Muhammad Ankoni, naye akauawa mwaka uliofuata. Mizinga ilitosha kuingia mjini. Lakini kuweka mtawala wa kibaraka kulihitaji ugomvi wa nyumbani ambao ulikuwa tayari.

Tutoke pwani sasa, tufuate njia ya misafara: Bagamoyo, Tabora, Karagwe, mpaka Buganda. Kwa kumbukumbu za hapa, mfanyabiashara wa kwanza kutoka pwani kufika mbele ya Kabaka Suuna II alikuwa Ahmed bin Ibrahim, mwaka 1844. Baada yake walikuja wengine na nguo, shanga na bunduki, wakatoka na pembe za ndovu na watumwa. Walileta pia Uislamu, na lugha hii tunayoandika. Ukisikia Mganda anasema ekitabo, eddirisa na essaawa, unasikia nyayo za msafara.

Sasa mchukue Kabaka umuingize kwenye Crusader Kings. Utapata shida mara moja. Katika gemu, kwa kawaida mtoto ni wa nyumba ya baba, na ufalme unakaa ndani ya nyumba hiyo. Buganda kila mtu hufuata ukoo wa baba, isipokuwa watoto wa Kabaka. Wao walihesabiwa ukoo wa mama. Kwa hiyo hakukuwa na ukoo mmoja wa kifalme unaokaa juu ya koo nyingine. Koo ni zaidi ya 50, na ukoo ukitoa mke kwa Kabaka, ungeweza siku moja kuwa ukoo wa mama wa Kabaka. Mama huyo, Namasole, alikuwa na ikulu yake na watu wake. Na mtoto wa kwanza wa kiume, aitwaye Kiweewa, kwa desturi hakurithi. Ni kinyume kabisa cha wafalme wa Uingereza. Siasa hii ina akili: kila ukoo unaona kiti cha enzi kinaweza kuwa chake kesho, basi kila ukoo una sababu ya kukilinda leo.

Mwaka 1888 desturi hiyo ilivunjwa, na wafanyabiashara walikuwemo ndani ya vurugu. Kabaka Mwanga aliondolewa, akawekwa Kiweewa, yule yule ambaye kwa desturi hakutakiwa kurithi. Wiki chache baadaye upande wa Waislamu, ukiungwa mkono na wafanyabiashara wa pwani, uliwafukuza Wakristo, halafu Kiweewa naye akaondolewa, akawekwa Kalema.

Wakristo wale walikimbilia wapi? Ankole, kwa Omugabe Ntare V, ambaye aliwapa pa kukaa. Someni tena polepole. Baganda, watu wa mji huu mkubwa tunapopanga vyumba leo, walikuwa wakimbizi Ankole mwaka 1888, na katika nchi hiyo hiyo ya Ankole ya zamani leo kuna makazi ya Nakivale wanakoishi ndugu zetu wengi. Mwaka 1889 Mwanga alirudi akisaidiwa na mfanyabiashara, Charles Stokes wa Ireland, aliyewahi kuwa mmisionari, ambaye alimpa mashua na bunduki. Stokes alikuwa amemuoa Limi, wa ukoo wa kitawala wa Wanyamwezi, na kwa ndoa hiyo alipata wapagazi wa misafara yake. Patrician ingemhesabu Stokes kwa mizigo yake. Crusader Kings ingemhesabu kwa ndoa yake. Bila kimoja, kingine hakieleweki.

Mwisho twende Kongo, tuyarudie yale madai ya uongo.

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar, alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa. Maisha yake aliyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, na ndani yake anaeleza, bila aibu, alivyopata utawala wa Utetera miaka ya 1870. Alisikia kwamba zamani dada za chifu Kasongo Rushie walichukuliwa mateka katika vita. Akafika kwa chifu, aliyekuwa mzee, akadai kwamba mmoja wa wale dada ndiye bibi yake. Kwamba yeye ni mjukuu amerudi nyumbani. Mzee akampokea, akamwachia utawala, na pembe zikaanza kuletwa kwake. Ni ile ile ya Crusader Kings, tofauti ni kwamba hakuhitaji kumlipa kiongozi wa dini. Baadaye, mwaka 1887, Leopold wa Ubelgiji akamfanya gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Kutoka Kasongo na Nyangwe, Kiswahili kilienea Maniema na kwingine. Kiswahili cha Kongo, kinachotuunganisha leo Kampala, kilipita pia katika njia hiyo.

Hapa wote wawili katika ubishi wetu, wa biashara na wa ukoo, walinyamaza. Maana kuna watu ambao gemu zote hizi hazina nafasi yao. Katika Europa Universalis IV watumwa ni bidhaa kwenye orodha, pamoja na chumvi na nguo, na bei yake. Katika Crusader Kings, mtu asiye na cheo wala ukoo mkubwa mara nyingi haonekani. Mtumwa alikuwa nani? Alikuwa mtu aliyekatwa kutoka kwa ndugu zake, akapelekwa mahali ambapo hakuna baba mkwe, hakuna mjomba, hakuna wa kusema "huyu ni wetu". Wale dada za Kasongo Rushie walitekwa kwanza kama mateka. Halafu miaka mingi baadaye majina yao yakatumika mara ya pili, kumpa mfanyabiashara nchi. Hakuna aliyewauliza, hata katika kitabu.

Basi jibu letu kwa ubishi ni hili. Katika nchi zetu, biashara na ukoo havikuwa gemu mbili. Undugu ulifanya biashara iwe salama, na biashara ilitengeneza ndugu wapya. Ndiyo maana njia za misafara zilikuwa na undugu wa kuchanjiana, na Baganda walikuwa na omukago, watu wawili wakila buni za kahawa zilizoguswa na damu ya mwenzake. Ulikuwa mkataba wa watu wasiozaliwa pamoja.

Sisi tunaielewa haraka sababu tunaiishi. Ulipofika Kampala bila mtu, nani alikudhamini kwa mwenye nyumba? Mtu wa kanisa, wa msikiti, wa kijiji chenu, ama mtu aliyekuita ndugu sababu alisikia Kiswahili chako. Undugu huo wa kutengeneza ndio mtaji wetu wa kwanza, kabla ya pesa yoyote. Na tunajua pia upande wa Tippu Tip. Kuna wanaokuja na maneno matamu, "mimi wa kwenu, namjua mjomba wako", wanachukua pesa ya safari ama ya karatasi, halafu simu haipatikani. Madai ya ukoo ya uongo hayakuisha na karne ya 19.

Kwa hiyo hatusemi muache gemu. Ndugu wa mashirika, kama mna programu za vijana na kompyuta chache, gemu moja na mtu wa kuongoza mjadala vinaweza kufungua somo la historia ambalo ubao haufungui. Lakini tusicheze kimya. Kila tukicheza tuulize mambo matatu. Mali inakwenda wapi, na nani aliweka mshale huo? Nani anarithi, na kwa damu ya baba ama ya mama? Na nani hayupo kwenye ramani, ama yupo kama bidhaa tu?

Jumamosi tunaanza na Kilwa ya mwaka 1444. Wanaokaa mbali na hawawezi kufika, tuandikieni hapa: kwenu, kabla ya vita, undugu wa kutengeneza uliitwaje na ulifanywaje? Waulizeni mama na bibi zenu leo jioni, wakiwa bado wapo wa kuulizwa.